Feni ya Sita Ilikuwa ya Kijani

Numbi, binti yangu,

Kuna jambo nimekuficha tangu ulipozaliwa. Nililificha pia kwa mama yako mpaka tulipomzika, kwa wakubwa wangu wa kazi kule Kambove, na kwa mafundi wote waliopita mikononi mwangu. Usishtuke. Huna ndugu usiyemjua mahali fulani, na hati za nyumba hii ya Kasungami ziko mahali pake. Jambo lenyewe ni hili: macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani. Hayakuweza nilipokuwa mtoto, hayakuweza katika miaka yote niliyoitwa chef wa umeme, mkuu wa mafundi, na hayakuweza siku ile Papa Kasereka alipokuja kuangalia kompyuta yako.

Hasa siku ile. Ndiyo maana ninaandika.

Umekwenda Ruashi kuaga rafiki zako. Tante Kabange, dada yangu, ambaye atakaa nami ukishaondoka, yuko jikoni anakukaangia samaki wa safari. Nina jioni nzima mezani peke yangu. Ningependa kukuambia kwa mdomo, lakini unajua pumzi yangu ilivyo siku hizi, na wewe una tabia ya kunijibu kabla sijafika mwisho. Karatasi inasubiri. Daktari alituonyesha sote wawili picha ya moyo wangu, umevimba na hautarudi kuwa ulivyokuwa. Kwa hiyo tusidanganyane. Inawezekana kabisa kwamba kesho pale uwanja wa ndege ndipo tutakapoonana kwa mara ya mwisho, na sitaki upande ndege ukiwa na picha ya uongo juu ya baba yako.

Habari za chandarua, za maji ya kunywa, za kutotoa simu barabarani Kinshasa, hizo Tante atakuambia, na atazirudia njia nzima. Mimi nina zangu.

Nilikuwa kijana nimemaliza shule ya ufundi wa umeme nikiwa na alama nzuri. Kule mgodini Kambove walikuwa wanatafuta watu. Mtihani wa hesabu niliupita, wa umeme niliupita, ukabaki wa daktari. Wenzangu waliotangulia kuingia walikuwa wanatoka wakicheka. Walisema ni mchezo wa watoto: unaonyeshwa kitabu chenye vidoadoa vya rangi, ndani yake kuna namba imejificha, unaisoma. Mimi nilikuwa najua tayari kwamba nyanya mbivu na nyanya mbichi kwangu ni nyanya tu. Nikaelewa papo hapo kitabu hicho ni cha nini. Nikamwuliza mmoja wao, kama mtu anayetania, ameona namba zipi. Alinitajia zote kwa mpangilio, huku akijisifu. Nikazirudia moyoni mpaka zamu yangu. Ndani, nakuambia, sikuona namba hata moja. Niliona maharagwe yaliyomwagika. Nikasoma namba zangu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali mepesi, daktari akaandika, akaita mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, na hivyo ndivyo ulivyokula na kusoma.

Kosa la kwanza halikuchelewa. Kulikuwa na mkanda mrefu wa kubeba mawe kutoka kwenye mashine ya kuponda. Mota yake iliungua, nikapewa kazi ya kufunga nyingine. Waya tatu, rangi tatu. Nilibadilisha nafasi za mbili bila kujua. Unafahamu kinachotokea kwa mota ukifanya hivyo: inazunguka kinyume. Nikabonyeza, mkanda ukaondoka vizuri kabisa, ukaanza kurudisha mawe kule yalikotoka. Mzee aliyekuwa akiulinda mkanda ule alikuwa ameketi na sahani yake ya bukari, ugali wa mchana. Akaangalia mawe yanavyorudi, akatafuna, akameza, ndipo akaniambia: "We fundi, mawe yako inarudia ku mugodi. Ilisahau kintu kule?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Chef wangu akadhani ni uchovu, nikamwacha adhani hivyo. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ya kweli, kwa sababu safari ile yalikuwa mawe, safari nyingine ingekuwa mkono wa mtu.

Tangu siku hiyo sikuamini rangi tena. Nilinunua uzi mgumu wa fundi viatu, nikaanza kufunga kila waya ninaoushika: fundo moja, mafundo mawili, mafundo matatu. Nilipima kila mahali kwa mita kabla ya kufunga na baada ya kufunga. Na nilipopewa vijana wa kufundisha, nikapata njia bora zaidi. Nilimsimamisha kijana mbele ya kabati la waya, mikono yangu nyuma, nikamwambia: soma rangi. Anasoma. Namwuliza kama ana hakika. Anasoma tena. Walidhani ninawapima. Walikuwa wananisomea. Nilijulikana Kambove nzima kuwa mkali, mtu asiyeruhusu waya mmoja upite bila kutajwa kwa sauti, na makabati yangu hayakukosea tena.

Nitakusimulia ushindi mmoja tu, kwa sababu najua unapenda. Taa zilizimika katika chumba cha pampu, chini, na maji yalikuwa yanapanda. Mainjinia walisimama mlangoni wakingoja tochi ziletwe. Mimi niliingia. Gizani wote tulikuwa sawa, hakuna nyekundu wala kijani ya mtu yeyote, lakini vidole vyangu vilikuwa na mafundo ya kusoma. Niliunganisha pampu ya akiba kwa kugusa, ikanguruma, maji yakaanza kushuka. Tochi zilipofika walinikuta nimekaa juu ya boksi la vifaa, suruali imelowa mpaka magotini. Sijawahi kuwa mtu mkubwa kama nilivyokuwa juu ya boksi lile.

Kwa hiyo usinihurumie. Ile kasoro ndiyo iliyonifanya kuwa fundi. Kilichonigharimu ni kuificha.

Kulinigharimu kwako, kwa mfano. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniletea penseli zako za rangi, unaniuliza hii ni rangi gani. Nami nilikuwa ninakujibu: wewe unaonaje? Mwalimu wako aliwahi kunisimamisha barabarani kunisifu kwa ulezi huo, akisema wazazi wengi wanawapa watoto majibu badala ya kuwafikirisha. Nikamshukuru. Mama yako naye alikuwa akinituma sokoni, nikamletea nyanya za kijani, akasema huyu bwana ana haraka mno, hachagui. Kisha akaacha kunituma. Sijui kama alijua. Alikuwa ananitandikia shati na suruali kitandani kila asubuhi, na hakuwahi kuniambia ni kwa nini. Ningemwuliza ningejua. Sikumwuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kusema.

Wewe ulirithi mafundo. Hukujua yametoka wapi. Ulipoanza kutengeneza kompyuta za watu hapa sebuleni, niliona unakata uzi, unafunga fundo kwenye waya wa umeme, mawili kwenye wa diski, na wateja wanafungua kioo cha pembeni wanashangaa jinsi kila kitu kilivyo safi. Nilikuwa ninakaa kwenye kiti changu nikijifanya nasinzia. Sikuwa nasinzia.

Halafu akaja Papa Kasereka na malori yake. Mtu wa Butembo, anauza kwa jumla, anasafirisha, na sasa alitaka kufungua Kinshasa duka la kompyuta zinazojengwa kwa oda, kwa vijana wa michezo na watu wa video. Alikuwa anatafuta wa kuongoza meza ya ufundi. Alikutumia maboksi kutoka kontena lake, akasema umjengee moja ya kuweka kwenye kioo cha duka. Iwake nyekundu yote, rangi ya malori yake. Ikimpendeza, kazi ni yako. Isipompendeza, atatafuta mtu hukohuko Kinshasa. Hakuongeza neno.

Ulinifundisha kazi ile kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi, na nilifurahi kuliko unavyofikiri. Feni sita: tatu mbele, mbili juu, moja nyuma. Kila feni ina mikia miwili, mmoja wa kuizungusha na mmoja wa taa zake. Ile ya taa inaungana mmoja baada ya mwingine kama mnyororo, amri ya rangi inaingia kwa ya kwanza, inapita kwa ya pili, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Ukanionyesha kwenye carte mère, ule ubao mkuu wa kompyuta, soketi mbili zinazofanana kama mapacha, ukaniambia hii ni ya volti tano na ile ni ya kumi na mbili, na mtu akizichanganya taa zote zinakufa papo hapo bila kulia. Nikakuuliza kwa nini wameziweka karibu hivyo. Ukasema: "Njo vile, Papa. Banapenda kutujaribu."

Feni ya nyuma ilikuwa imevunjika njiani, kwenye barabara ya kutoka Kasumbalesa, bawa lake limekatika. Ukaenda mjini, ukapata nyingine ya umbo lilelile, ya kiwanda kingine. Uliifunga kwa skrubu asubuhi ya siku ya Papa Kasereka, na kabla hujaziunganisha taa zake yeye akapiga simu kwamba amefika kwenye kituo cha mabasi na hajui njia. Mtu mgeni hapotezwi katika vichochoro vya Kasungami, lazima aendewe. Ukaniambia kilichobaki ni fishi moja, plagi ya taa zake, niiunganishe mwisho wa mnyororo, niwashe, nikuambie.

Numbi, nilifanya kazi ile kama ninayefunga umeme wa mji. Nilipima kwa mita yangu ya zamani: volti tano, si kumi na mbili. Nikafunga uzi, mafundo sita. Nikaingiza fishi, nikawasha. Zote zikawaka. Simu ikalia.

"Papa, zote iko rouge?"

"Zote, mama."

"Sûr?"

"Sûr."

Sasa nakuambia nilichokiona kweli. Niliona feni tano zina mwanga mzito, wa chini, na moja ya nyuma inang'aa zaidi. Hivyo ndivyo mimi ninavyoona: nyekundu kwangu imefifia, kijani ina nguvu, lakini jina la rangi silioni. Miaka yote Kambove, tofauti kama ile ningemwita kijana na kumwambia soma. Siku ile kijana hakuwepo, wewe ulikuwa njiani na mgeni, na mimi nilikuwa nimefurahi kutumika tena. Nikajiambia inang'aa kwa sababu ni mpya. Ishara nilikuwa nayo mbele ya macho, nikaipa jibu lililonifaa. Kama kuna kitu kimoja katika barua hii unachoweza kukichukua Kinshasa, chukua hicho: siku unayotaka sana kitu kiwe sawa, mwite mtu mwingine akisome.

Mkaingia. Papa Kasereka alivua kofia, akainama mbele ya kioo, akazunguka nyuma. Kisha akasema, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi:

"Mama, nilisema yote iwe rouge. Mbona ya nyuma iko verte? Zitano zinasimama, moya inapita. Umenijengea carrefour na mataa yake?"

Dereva wake akacheka mlangoni. Wewe hukumwangalia Kasereka wala dereva. Uliniangalia mimi. Ukasema taratibu: "Papa, ulisema zote." Nikajibu kwamba nilisema. Nilingoja hasira yako, ningeipokea. Haikuja. Uliniangalia kama mtu anayeangalia ukuta wa nyumba yake umepasuka.

Kisha ukageuka, ukafanya lile ambalo nitalikumbuka mpaka mwisho wangu, ambao hauko mbali, kwa hiyo nitalikumbuka vizuri.

Hukuomba msamaha. Hukusema muuzaji wa mjini ni mwizi. Ulivuta kiti, ukaamuru rangi ya bluu: zote sita bluu. Nyeupe: zote nyeupe. Ukaamuru kijani, na Papa Kasereka akatoa sauti ya mshangao, kwa sababu tano ziligeuka kijani na ile ya nyuma ikageuka nyekundu. Hapo ulicheka. Ulicheka sebuleni kwangu, mbele ya mtu aliyeshika kazi yako mkononi, kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi wa kuku.

"Papa Kasereka, hii feni haiko mbaya. Kule kiwandani balimufundisha kuanza na kijani. Benzake tunabapa hesabu tatu, rouge, vert, bleu, banasoma vile. Yeye anasoma ya vert mbele. Ukimupa rouge, anaiweka ku kijani."

"Sasa utamupiga?" akauliza.

"Nitamusemesha kwa luga yake."

Ukaitoa feni ya nyuma kwenye mnyororo. Ukakumbuka kwamba carte mère ina mlango wa pili wa volti tano, ukaiunganisha huko peke yake. Ukaingia kwenye programu, ukauambia mlango ule kwamba anayekaa huko anaanza na kijani. Halafu ukaifunga milango yote miwili pamoja ili itii amri moja. Mimi nilikuwa nimeshika mikono ya kiti.

Ulipobonyeza, courant ikakatika.

Umeme wote wa nyumba ukazima. Papa Kasereka akasema yeye ana subira, amesafirisha mizigo miaka mingi kwenye barabara za nchi hii. Tante Kabange akaleta maji na karanga. Tulikaa. Dereva aliuliza kama tuna groupe ya kuzalisha umeme, ukamwambia groupe iko lakini petroli iliisha, na kwamba hata hivyo ni vizuri zaidi hivi: kama mashine imeshika amri, itaamka nayo yenyewe. Nilikuangalia ukisema hivyo kwa utulivu na nikajua hukuwa na hakika. Ulikuwa unacheza kamari na kila kitu ulichokuwa nacho mbele ya mteja, karanga mkononi.

Courant ikarudi. Ukabonyeza mara moja.

Na hapa, mwanangu, ninataka ujue kwamba sikuhitaji mtu wa kunisomea. Ile feni ya nyuma, iliyokuwa inang'aa kupita nyingine, iliwaka chini, nzito, sawasawa na tano za mbele. Sita, uzito mmoja. Kisha ukaamuru mwanga utembee, ukaanza mbele chini, ukapanda, ukapita juu, ukashuka nyuma bila kujikwaa, ukarudi. Papa Kasereka alikuwa bado anainama kuangalia, dereva bado amefungua mdomo. Mimi ndiye niliyepiga makofi wa kwanza. Wote wakadhani baba anamshangilia tu mtoto wake, bila kuelewa alichokiona. Hapana. Niliona kabla yao. Kwa macho haya haya.

Papa Kasereka aliinuka, akapangusa miwani. Alisema malori yake yenyewe hayana nyekundu ya namna ile, itabidi ayapake upya. Akaniambia mimi, si wewe, kama desturi yao ilivyo ya kumheshimu mwenye nyumba: "Mzee, huyu mutoto sasa ni wa Kinshasa. Utanisamehe." Dereva alishika ile kompyuta kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga, na majirani walitoka nje kuangalia inavyopakiwa. Tante alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaamka. Katika maisha yangu nimeshinda mara chache, na nyingi ni gizani ambapo hakuna aliyeona. Hii ilikuwa mchana, mbele ya watu, na ilikuwa ya mwanangu.

Ningependa kuishia hapa. Lakini wewe unajua kilichofuata.

Asubuhi yake ulikuja na chai, ukaketi, ukasema hutaenda tena. Nikauliza kwa nini.

"Juu yako, Papa. Uliangalia kijani, ukaniambia rouge. Ile haiko macho, unasoma Biblia bila lunettes. Ile ni kichwa."

Ukaanza kunichunguza. Uliniuliza leo ni siku gani, kwa sauti ya mzaha isiyo mzaha. Ukaniuliza jina la jirani. Ukaandika juu ya kila chupa ya dawa zangu herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ukamwomba Tante afunge jiko la gesi kila akitoka. Ulinong'ona naye uani, nikasikia ukimwambia kwamba uzee unaanza hivyo, kwa jambo moja dogo, halafu siku moja mtu hajui njia ya nyumbani. Ulikuwa unalia. Tante na Papa Kasereka walikushauri mpaka ukakubali kwenda, lakini kwa mwezi mmoja tu, umwonyeshe mtu mwingine kazi, urudi. Leo asubuhi niliona ulichofunga: begi dogo, la mtu anayekwenda msibani.

Numbi, fungua kabati la mama yako, chukua sanduku kubwa. Weka bisibisi zako zote, weka uzi, weka nguo za mvua na za jua. Meza ile ya Kinshasa usimpe mtu. Kichwa changu ni kizima. Najua leo ni siku gani, najua jina la jirani na la babake, najua njia ya nyumbani kutoka Kambove hata nikiwa nimefumba macho. Ulichokiona siku ile kimekuwapo tangu kabla hujazaliwa, na kimeniacha nifanye kazi, nioe, nikulee, nizeeke. Tante akiwa na shaka, mpe barua hii asome. Aniletee nyanya mbili, nikosee mbele yake, acheke, tumalize.

Na usiseme ulinikosea. Mtu anayemwona baba yake akiita kijani nyekundu, na haelezwi, atafikiri nini kingine? Ulifikiri sawasawa kwa hesabu ulizopewa. Mimi ndiye niliyekunyima moja.

Limebaki neno moja, na nimelizunguka tangu nianze kuandika.

Asubuhi ile ya chai nilikuwa na jibu mdomoni. Ni macho, mama, si kichwa. Ningelisema, ungecheka, ungekwenda kununua sanduku. Nilijiambia ninanyamaza kwa aibu ya yale maharagwe ya daktari. Si kweli. Aibu hiyo ilikwisha siku feni sita zilipowaka uzito mmoja. Na uliponiuliza jina la jirani, nililijua mara moja, nikachelewa kulitaja, makusudi, nikaona macho yako yanajaa maji, na bado sikusema.

Uliposema hutaenda tena, nilifurahi.

Papa yako